Sanduku la Wasomaji: "Siúil a Rún" ulitoka wapi, na unasema nini?

Barua za mwezi huu zimetoka Kigoma na Tabora, nyingi kwa watu wa kwaya, na zote zinazunguka jambo moja: nyimbo za jadi za Ayalandi zinazopita kwenye makundi ya simu bila maelezo yoyote zaidi ya neno "jadi". Barua zilizouliza kitu kile kile tumeziunganisha.

Mhariri, salaam. Kwaya yetu ya vijana imeupenda wimbo wa Kiayalandi uitwao "Siúil a Rún". Beti ni za Kiingereza, ila kiitikio hakuna anayekielewa. Kijana mmoja amesoma kwamba ulitungwa mwaka 1691. Je, ni kweli? Na tunaimba kuhusu nini hasa, isije ikawa tunaimba matusi mbele ya wazee? (Mwalimu wa kwaya, Mwanga, Kigoma)

Mwalimu, matusi hakuna. Kuna kutoroshana tu, na hilo utaamua mwenyewe kama wazee wako watalivumilia.

Anayesema ni msichana. Mpenzi wake amekwenda Ufaransa kutafuta bahati yake jeshini. Katika ubeti wa kwanza anatamani angekuwa kilimani alie mpaka atosheke, na kila chozi lingezungusha kinu. Kinu hicho ni cha kusagia nafaka kinachoendeshwa na maji ya mto, ndiyo maana machozi yanaingia hapo. Ubeti unaofuata anasema atauza vifaa vyake vya kusokotea nyuzi amnunulie mpenzi wake upanga wa chuma. Kisha atapaka sketi zake rangi nyekundu, azunguke dunia akiomba mkate, hadi wazazi wake watamani heri angekufa. Kiitikio kimeimbwa kwa Kiayalandi, lugha ya asili ya kisiwa hicho, na maana yake ni hii:

Tembea, tembea, tembea ewe mpenzi,
tembea taratibu, tembea kimya,
tembea hadi mlangoni tutoroke pamoja,
na uende salama, kipenzi changu.

Ubeti wa vifaa ndio wenye uzito kuliko yote, na ndio unaoharibiwa zaidi. Nakala za zamani zinataja vitu vitatu: kijiti ambacho sufu ya kondoo au kitani hufungwa kabla ya kusokotwa, chombo cha kukunjia uzi uliokwisha sokotwa, na gurudumu la kusokotea. Neno la Kiingereza cha zamani la kile kijiti ni "rock". Waimbaji wa leo, kwa kuwa wanalijua kama jiwe, hulibadilisha kuwa "rod", na msichana anajikuta anauza fimbo ya kuvulia samaki. Kusokota nyuzi kulikuwa kazi ya wanawake wa Ayalandi iliyoingiza fedha taslimu nyumbani. Akiuza vitu hivyo vitatu hajauza mapambo, ameuza riziki. Ni kama mvuvi wa Kibirizi auze karabai, nyavu na mtumbwi kwa siku moja. Mkiimba "rod" mstari huo unabaki mzuri masikioni lakini umepoteza hoja yake. Rudisheni "rock".

Kuhusu sketi nyekundu, wapo wanaodai ni ishara ya ukahaba, yaani msichana anafuata kambi za askari. Sisi hatuoni haja ya kwenda mbali hivyo. Sketi nzito za sufu zilizopakwa rangi nyekundu zilikuwa vazi la kawaida la wanawake wa vijijini, hasa magharibi ya kisiwa. Aibu iko kwenye kuombaomba mkate na kwenye laana ya wazazi, na hizo zinajitosheleza.

Sasa tarehe. Mwaka 1691 haukuokotwa barabarani. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo mkataba wa Limerick ulimaliza vita kati ya wafuasi wa mfalme Mkatoliki James wa Pili na wale wa William wa Tatu. Jemadari Patrick Sarsfield, wa upande wa James, aliruhusiwa kuondoka na askari wake, takriban 14,000, pamoja na wanawake na watoto wapatao 10,000, wakaenda Ufaransa. Waayalandi waliotumikia majeshi ya Ulaya waliitwa Mabata Bukini wa Porini. Brigedi yao ndani ya jeshi la Ufaransa iliendelea kupokea vijana kwa karibu miaka mia moja, hadi mapinduzi ya Ufaransa yalipoivunja.

Hapo ndipo hesabu ya kijana wako inapoteleza. Wimbo unataja kwenda Ufaransa na kununua upanga. Kijana angeweza kwenda Ufaransa mwaka 1691, au 1720, au 1745 ambapo brigedi hiyo ilipigana vita vya Fontenoy. Tena Waayalandi walikuwa wakitumikia majeshi ya bara hata kabla ya mkataba wa Limerick. Maneno ya wimbo yanakupa kipindi, hayakupi mwaka. Charles Gavan Duffy alipouchapisha katika kitabu chake cha mashairi ya Ayalandi mwaka 1845, aliuita wimbo wa Brigedi, na mwenyewe akaonya kwamba tarehe yake haijulikani kwa hakika. Aliukadiria mwanzoni mwa karne ya 18. Waliokuja baadaye wakachukua kadirio lake, wakalivika mwaka kamili.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita. Soma beti, kisha soma kiitikio: havikubaliani. Kwenye beti mwanamume keshaondoka. Kwenye kiitikio anaitwa mlangoni ili watoroke, na mstari wa mwisho unamwombea safari njema. Hiyo ni dalili nzuri ya nyimbo mbili zilizokutana, moja ya kutoroka na moja ya kuagana, katika sehemu ambapo watu walizungumza Kiayalandi na Kiingereza kwa pamoja. Wasikilizaji wa ngoma za Kigoma hawatashangaa. Kiitikio cha Kiha chenye beti za Kiswahili ni jambo la kila harusi.

Wahamiaji waliuvusha bahari. Marekani ulihusishwa na vita vya uhuru vya 1775 hadi 1783 kwa jina "Johnny Has Gone for a Soldier". Kilima kikapata jina, Buttermilk Hill. Msichana akauza kitani pamoja na gurudumu. Na kiitikio, kwa kuwa waimbaji hawakujua tena lugha, kikageuka sauti tupu, "shule, shule, shule-a-roo" na mkia mrefu usio na maana. Kabla hamjaanza mazoezi hakikisheni video mliyoipata ni ya toleo lipi. Kwaya ikichukua beti za Ayalandi na kiitikio cha Marekani itaimba kitu ambacho hakipo kokote.

Nisaidieni matamshi ya kiitikio hicho hicho, na namna ya kuupanga kwa sauti nne. Tukiuimba unakuwa kama wimbo wa sherehe, nami nahisi sivyo. (Ujiji)

Hisia yako ni sahihi. Tuanze na matamshi, kwa herufi za Kiswahili. Irabu iliyoandikwa mara mbili inavutwa:

Shuul, shuul, shuul a ruun,
shuul go sokar agas shuul go kyuun,
shuul go doras agas eeli lyom,
is go jee tuu mo vurniin slaan.

Kosa la kwanza la kila kwaya ni kuigawa "siúil" kuwa silabi mbili, "si-u-il". Ni silabi moja, na l ya mwisho ni laini, ulimi ukigusa kaakaa. Kosa la pili ni "dté" (hapo juu "jee"): herufi ya t haitamkwi kabisa. Neno "mhuirnín" (hapo juu "vurniin") lina matamshi mawili, kusini ya Ayalandi huanza na v na kwingineko na w. Yote ni halali, ila kwaya nzima ichague moja. Sauti ya kwanza ikisema v na ya tatu ikisema w, mstari wa mwisho unachafuka.

Kuhusu kupanga: katika matoleo mengi yanayosikika leo mahadhi hutua kwenye la, hayatui kwenye do. Mwalimu aliyezoea tenzi za kanisani huona la kama makosa, akaulazimisha wimbo umalizikie do. Hapo ndipo sherehe inapoingia. Acheni utue la. Vilevile msipandishe so kuwa se kabla ya kutua, hata kama kinanda kinawavuta huko. So ya kawaida ndiyo inayoupa ukavu wake.

Kwa desturi nyimbo za namna hii huimbwa na mtu mmoja bila ala. Kwaya inaweza kuheshimu hilo hivi: mtu mmoja, mwanamke, aimbe beti peke yake, wote waingie kwenye kiitikio. Wakati wa beti, besi washike la kwa mdomo uliofumbwa, na teno wakitaka washike mi juu yake. Basi. Sauti nne kamili ziwe za kiitikio cha mwisho tu. Mwendo uwe mapigo 60 hadi 66 kwa dakika. Kwa mwendo huo ubeti na kiitikio chake huchukua kama dakika moja, hivyo beti nne zinatosha kabisa. Ngoma msiweke. Tunajua mtaweka, lakini walau isubiri hadi kiitikio cha mwisho.

Mimi ni mwanafunzi hapa Tabora mjini. Nataka kujifunza kufuatilia asili ya wimbo wowote wa jadi wa Ayalandi kwa simu tu, na bando langu ni dogo. Nianzie wapi? (Isevya, Tabora)

Anza na daftari kabla ya simu. Gawa wimbo wako vipande vitatu: mahadhi, beti, kiitikio. Kila kimoja kifuatilie peke yake, kwa sababu kila kimoja kinaweza kuwa na umri wake na nchi yake. Watu wengi hukwama kwa sababu wanatafuta asili moja ya kitu chenye asili tatu.

Usitafute kwa jina la wimbo. Majina hubadilika kila kijiji; mstari wa kwanza hubadilika kidogo; kinachodumu ni picha ya ajabu au jozi ya vina. Kwa wimbo wa barua zilizotangulia, "spinning wheel" pamoja na "sword of steel" vitakufikisha mbali kuliko jina. Jaribu na tahajia zote: Waingereza waliokuwa wakiandika Kiayalandi kwa kusikia waliandika "Shule Aroon", "Shool Aroon", "Shule Agra". Angalizo kwa Mtanzania: ukiandika "shule" peke yake simu itakuletea matangazo ya nafasi za kidato cha kwanza. Andika daima na neno la pili.

Hatua inayofuata ni namba ya Roud. Steve Roud, mkutubi wa Uingereza, alianza kuorodhesha nyimbo za jadi za lugha ya Kiingereza kwenye kadi mnamo 1970, akiupa kila wimbo namba moja hata ukiwa na majina hamsini. Orodha hiyo sasa inapatikana bure kwenye tovuti ya maktaba ya Vaughan Williams Memorial iliyoko London. "Siúil a Rún" ni 911, "Whiskey in the Jar" ni 533, "The Wild Rover" ni 1173. Andika namba kwenye kisanduku chake na utapata mistari mingi: jina la wimbo kama ulivyoitwa pale, mwimbaji, aliyeukusanya, mahali, mwaka. Nakili kwenye daftari kwa mpangilio wa miaka, wa zamani juu. Ukimaliza utaona mambo ambayo hakuna tovuti itakayokueleza, kwa mfano kwamba ubeti fulani haujitokezi kabisa kabla ya mwaka fulani, au kwamba wimbo unaoitwa wa Ayalandi umekusanywa zaidi Uskoti au Marekani. "The Wild Rover" ndio mfano wa kuumiza: baa zote za Dublin huuimba kama mali yao, ilhali mizizi ya maneno yake inafika kwenye karatasi ya nyimbo ya Uingereza ya karne ya 17, iliyoandikwa na Thomas Lanfiere.

Jihadhari na jambo moja hapa. Namba ya Roud inafuata maneno, haifuati mahadhi. Mahadhi mamoja yanaweza kubeba nyimbo kumi, na wimbo mmoja unaweza kuhama mahadhi. Kwa mahadhi itabidi uende kwenye vitabu vya wakusanyaji. Edward Bunting aliandika mahadhi ya wapiga vinubi waliokusanyika Belfast Julai 1792, kumi wa Ayalandi na mmoja wa Wales, akachapisha mikusanyo mwaka 1796, 1809 na 1840. George Petrie alitoa wake 1855. Patrick Weston Joyce alitoa mkusanyo mkubwa 1909. Vyote vimekwisha muda wa hakimiliki na vimepigwa picha kwenye maktaba za mtandaoni. Hapo bando linaliwa: kitabu cha nota chenye picha za kurasa kinaweza kuwa makumi ya megabaiti. Fungua ukurasa mmoja mmoja badala ya kupakua kitabu kizima, na kwa vitabu vya maneno chagua faili la maandishi matupu. Tovuti ya The Session huandika mahadhi kwa herufi za alfabeti badala ya picha za nota, kwa hiyo ni nyepesi mno, ila imejaa nyimbo za kuchezea zaidi kuliko za kuimba.

Maandishi matupu nayo yana ugonjwa wake. Mashine iliyosoma kurasa haijui alama za Kiayalandi, hivyo "é" huwa "6" au hupotea. Na vitabu vya karne ya 18 vilichapa herufi s kwa umbo refu linalofanana na f, hivyo "soldier" hugeuka "foldier". Ukitafuta neno usilipate, litafute tena na f.

Kisha kuna karatasi za mitaani: ukurasa mmoja, wimbo mmoja au miwili, zikiuzwa kwa senti sokoni. Maktaba ya Bodleian, Oxford, imeweka maelfu mtandaoni. Nyingi hazina mwaka. Tazama chini kabisa, jina la mchapaji na anwani yake. Wachapaji walihama mitaa, na miaka ya kila anwani inajulikana, kwa hiyo anwani ndiyo tarehe yako. Kumbuka tu kwamba hiyo ni tarehe ya karatasi. Wimbo wenyewe unaweza kuwa wa zamani zaidi.

Mwisho, Dublin. Hifadhi ya Muziki wa Jadi wa Ayalandi, iliyoanzishwa 1987, ina rekodi na vitabu vingi vya kusikiliza na kusoma bure mtandaoni. Na tovuti ya dúchas.ie ina madaftari ya mradi wa 1937 hadi 1939, ambapo wanafunzi wapatao 50,000 wa shule za msingi 5,000 walitumwa kuwauliza wazee wa vijijini hadithi, dawa, methali na nyimbo. Mwandiko ni wa watoto, lakini ushahidi wake ni mzito: jina la kijiji lipo, na mara nyingi jina na umri wa mzee aliyesimulia.

Ukikutana na maelezo kwenye intaneti yenye mwaka kamili bila kusema mwaka huo umeonekana wapi, yaweke pembeni. Usiyatupe, lakini yasiingie kwenye safu ya miaka ya daftari lako hadi upate karatasi.

Je, "Danny Boy" ni wimbo wa kale wa Waayalandi? Na mahadhi ya "Slane" tunayotumia kanisani nasikia nayo ni ya kwao. (Cheyo, Tabora)

Maneno ya "Danny Boy" yaliandikwa na mwanasheria Mwingereza, Frederic Weatherly. Aliyaandika 1910 kwa mahadhi mengine. Mwaka 1912 shemeji yake aliyekuwa Colorado, Marekani, akamtumia mahadhi mapya, akayarekebisha yakae, na wimbo ukachapishwa 1913. Kwa hiyo wanaobishana kama anayesema ni baba, mama au mpenzi wanabishana juu ya shairi la mtu anayejulikana, ambaye aliliacha wazi.

Mahadhi ni habari nyingine. Jane Ross wa Limavady, kaskazini ya Ayalandi, aliyaandika akampa Petrie, naye akayachapisha 1855 bila jina la wimbo wala la mpigaji. Kwa muda mrefu wataalamu waliyatilia shaka kwa sababu hayafanani na mahadhi mengine ya Kiayalandi. Mwaka 1934 Anne Gilchrist alipendekeza kwamba Jane Ross aliyaandika kwa mapigo manne mahali palipostahili matatu, pengine kwa sababu mpigaji alikuwa akivuta nota kwa hisia. Miaka ya 1970 Hugh Shields akaonyesha kwamba yanafanana na "Aisling an Óigfhir", mahadhi ambayo Bunting aliyapata kwa mpiga kinubi kipofu Denis Hempson wa Magilligan, kilomita chache tu kutoka Limavady. Hivi ndivyo kazi ya kufuatilia inavyolipa: miaka mingi ya shaka, kisha mtu anafungua kitabu cha 1796.

Slane, ndiyo. Joyce aliyachapisha 1909 kama mahadhi ya wimbo wa mapenzi. Maneno ya Kiingereza yanayoambatana nayo, "Be Thou My Vision", ni tafsiri ya sala ya Kiayalandi cha kale iliyotafsiriwa na Mary Byrne 1905, ikawekwa kwenye mizani ya ushairi na Eleanor Hull 1912. Viwili hivyo vilikutana kwenye kitabu cha nyimbo za kanisa mwaka 1919.

Molly Malone aliishi kweli? (Kasulu)

Molly ni muuza kome katika wimbo wenye jina lake. Kuna sanamu yake Dublin, iliyozinduliwa 1988, na kuna wanaotaja tarehe ya kifo chake mwaka 1699. Jina hilo lilikuwa la kawaida sana, kwa hiyo ukifungua daftari la kanisa lolote la Dublin utampata mmoja. Wimbo wenyewe unaonekana kwenye machapisho ya miaka ya 1870 na 1880: Massachusetts 1876, na London 1884, ambako mtunzi ametajwa kuwa James Yorkston wa Edinburgh. Una harufu ya ukumbi wa starehe wa karne ya 19, na muuza kome wa 1699 hahitajiki ili kuueleza.

Tumerekodi wimbo wa Kiayalandi studio na tunataka kuuweka YouTube. Tunamlipa nani? (Kibirizi, Kigoma)

Wimbo wa jadi usio na mtunzi anayejulikana hauna wa kulipwa. Mpangilio wake unaye. Mkinakili sauti kwa sauti kutoka albamu ya bendi fulani, pamoja na utangulizi wake wa ala na sauti zake za pembeni, mmechukua mali ya bendi hiyo, hata kama mahadhi ni ya karne tatu zilizopita. Njia salama ni kurudi kwenye kitabu cha zamani, kwa mfano maneno ya Duffy ya 1845, na kupanga sauti wenyewe. "Danny Boy" nayo iko huru: Weatherly alifariki 1929.

Kwenye maelezo ya video andikeni "wimbo wa jadi wa Ayalandi, mpangilio wa kwaya yetu", pamoja na kitabu mlichotumia na mwaka wake. Mfumo wa YouTube husikia mahadhi yanayofanana na ya albamu fulani na kuweka dai. Mkiwa na chanzo mnajibu dai hilo kwa mistari miwili. Mpangilio wenu pia ni kazi yenu, na mnaweza kuusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini.

Bibi yangu anaimba wimbo wa Kinyamwezi anaosema ni wa wapagazi wa zamani. Je, njia hizi za Ayalandi zinafaa kwetu ambao hatuna vitabu vya 1796? (Sikonge, Tabora)

Zinafaa, ila safu ya miaka utaijaza kwa watu badala ya karatasi. Mrekodi bibi akiimba wimbo wote mara mbili bila kumkatiza. Simu iwe kwenye hali ya ndege, kwenye kitambaa, umbali wa mkono mmoja kutoka mdomoni; mezani itabeba kila mgongano wa kikombe. Usianze kwa kumuuliza maana. Ukimuuliza maana kwanza atakutungia maana kwa heshima. Muulize alifundishwa na nani, akiwa na umri gani, uliimbwa wakati wa kazi gani, nani alianza na nani aliitikia. Maana itakuja yenyewe humo ndani. Neno asilolijua mwache aliimbe vilevile, nawe liandike kama lilivyotamkwa. Maneno yasiyoeleweka ndiyo ya zamani mara nyingi, na ndiyo vijana hukimbilia kuyasahihisha.

Kisha tafuta waimbaji wengine wawili au watatu wa vijiji tofauti, wasiotoka ukoo mmoja. Linganisha. Kinachopatikana kwa wote ni kiini. Kinachopatikana kwa mmoja tu kinaweza kuwa nyongeza yake.

Tafuta vitu vyenye tarehe ndani ya beti. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kwa hiyo ubeti unaotaja garimoshi kufika Tabora hauwezi kuwa wa wapagazi wa zama za misafara ya pembe, hata kama kiitikio ni cha wakati huo. Rupia ilitoka kwenye mzunguko mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini hapa uwe mwangalifu: watu huendelea kuimba jina la fedha muda mrefu baada ya fedha yenyewe kufa. Kitu kilichotajwa kinakuambia ubeti haukutungwa kabla ya lini. Hakikuambii haukutungwa baada ya lini.

Na vyanzo si sifuri. Hugh Tracey alirekodi nyimbo Tanganyika mwaka 1950, za Wanyamwezi zikiwemo, na rekodi zake ziko kwenye maktaba ya muziki wa Afrika ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Sikiliza kama wimbo wa bibi, au unaofanana nao, umo. Ukiwa na mwalimu wa shule ya msingi anayekubali, wape darasa moja kazi ile ya watoto wa Ayalandi: kila mwanafunzi mzee mmoja, wimbo mmoja, ukurasa mmoja, jina la kijiji juu.

Rekodi zako zipe majina yenye mwaka, mwezi, siku, kijiji na maneno mawili ya kwanza ya wimbo, kwa mpangilio huo, ili zijipange zenyewe kwenye simu. Weka nakala moja nje ya simu hiyo siku hiyo hiyo. Na kabla ya kumtumia mtu yeyote, muulize bibi kama ameruhusu, kwa sababu nyimbo nyingine za kazi zina beti ambazo yeye mwenyewe asingependa zisikike kwenye kundi la ukoo.